Doa la Shira ya Mabuyu

Hitima ya arobaini ya mke wangu Muhiba ilikuwa kesho yake adhuhuri, na doa lilikuwa bado katikati ya zulia. Muhiba alikuwa akipika mabuyu ya kuuza hapa mtaani Jericho. Siku aliyoanguka alikuwa ametoka jikoni na sufuria ya shira nyekundu. Alifia palepale sebuleni. Shira ilimwagika, na zulia la rangi ya maziwa likainywa.

Sikutaka mgeni aketi akitazama pale, kisha aniulize, "Ni hapa?" Nilikuwa nimejibu maswali ya kutosha.

"Tutandike mkeka juu, Baba," binti yangu Sundus alisema.

"Mkeka hautoi doa."

Nikapiga magoti. Maji baridi, sabuni ya vyombo kidogo, kijiko cha siki, kitambaa cheupe. Unagandamiza, husugui, na unaanzia ukingoni kwenda ndani ili doa lisitanuke. Vitambaa vya kwanza vilitoka na wekundu hafifu. Vilivyofuata vilitoka vyeupe, na doa likabaki.

Jirani yetu, Mama Lorine, aliingia na sufuria kubwa ya pilau tuliyoiazima kwake.

"Haiya, Baba Sundus! Kumbe kazi ya reli iliwafundisha na kufua?"

"Si reli. Darasa la usiku. Kemia, miaka miwili."

"Na doa limekataa kusoma!" Alicheka, kisha akaitua sufuria. "Ni mimi nililimwagia maji ya moto siku ile. Nikasugua na sabuni ya unga. Nilidhani nawasaidia."

Nilijua. Hata Muhiba aliishikisha rangi kwenye mabuyu kwa shira inayochemka. Maji ya moto yalikuwa yamelipika doa.

"Ulisaidia," nilimwambia. "Nipe hiyo chupa hapo mezani."

Ilikuwa dawa ya kusafishia vidonda, ile inayotoa povu. Niliijaribu kwanza kwenye kona iliyofichwa na kabati, maana inaweza kula rangi ya zulia. Haikula. Nikatia matone kwenye doa, nikangoja povu lipungue, nikafyonza kwa kitambaa. Mara nne. Wekundu ukawa waridi, waridi ukawa kivuli, kivuli kikaisha. Sikuhisi chochote, ila magoti.

Asubuhi, zulia lilipoanza kukauka, Sundus aliniita.

"Baba, njoo uone."

Doa halikuwepo. Mahali pake palikuwa peupe kuliko kwingine kote, kwa sababu zulia zima lilikuwa chafu na hatukujua. Duara safi, upana wa sinia.

"Nilete mkeka sasa?"

"Acha."

Wageni waliingia, wakachukua juzuu za msahafu, wakaketi kuzunguka kuta. Pale katikati wakapaacha wazi, bila kuambiana.

"Mzee Abdurahim, karibu huku," mmoja alisema, akijisogeza.

Nilimshukuru, nikampita, nikaketi juu ya lile duara. Palikuwa na unyevu bado. Nikafungua juzuu yangu, nikaanza kusoma. Hakuna aliyeuliza.