Ruhusa ya Kupita

Nianze na ukweli: sikumpenda Beryl, na mwenyewe alilijua hilo vizuri sana. Alikuwa mke wa mdogo wangu Cyril. Kila asubuhi, mvua inyeshe, theluji ianguke, alikatiza msitu wangu na mabuti yake ya mpira, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, na akiniona ng'ambo ya ua ananiambia, "Habari za asubuhi, shemeji." Simjibu. Miaka kumi na tisa na ushei, simjibu. Kungekuwa na mashindano ya kununa, mimi Edgar Mapstone ningeiletea kaunti yetu medali.

Msitu wenyewe si mkubwa. Ekari saba za mialoni na mibetula, ile miti ya magome meupe, unaumaliza kabla sigara haijaisha. Majira ya baridi ni vijiti vitupu na tope. Lakini mwisho wa Aprili, kabla majani hayajaziba jua, ardhi nzima inageuka buluu kwa yale maua ya kengele, na watu wazima na akili zao wanasimamisha magari barabarani kuchungulia. Baba aliniachia mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Cyril aliambulia saa ya ukutani.

Basi Cyril akaenda kuajiriwa na halmashauri, idara ya njia za miguu. Na kazi ya kwanza ya maana aliyoifanya, mjinga yule, ilikuwa kufungua njia ya zamani iliyokatiza shamba langu la shayiri. Eti ipo kwenye ramani. Watu wakawa wanapita na mbwa wao katikati ya shayiri yangu, tena wananipungia mkono. Tangu siku hiyo sikumsemesha mpaka akafa. Mazishini nilisimama nyuma, nikaondoka kabla chai haijaletwa.

Wiki moja baadaye nikamwona Beryl amepiga magoti chini ya mwaloni mkubwa, ule ambao mimi na Cyril tuliuchonga majina yetu tukiwa watoto. Alikuwa anamwaga majivu ya mumewe, maana kwetu maiti wengi huchomwa. Hakuniomba. Ningeweza kumfukuza palepale, ila kumfukuza kunataka kusema naye, na mimi nilishaapa kutosema na nyumba ile. Nikajiambia, huyu atachoka tu. Wapi! Kuanzia hapo hakukosa asubuhi hata moja.

Januari ya mwaka jana mwenye baa, Wilf, aliegemea kaunta akaninong'oneza. Wilf akinong'ona anasikika mpaka kanisani.

"Edgar, shemeji yako ana daftari. Kila siku anayopita kwako anaandika, tarehe na hali ya hewa. Juni inatimia miaka ishirini. Anapeleka fomu halmashauri."

"Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe, kwenye foleni ya posta. Hafichi."

Nikaisukuma bia pembeni. Maana kwetu sheria iko hivi: mahali pakipitwa miaka ishirini, mchana kweupe, bila kuvunja kitu na bila kupewa ruhusa, panakuwa njia ya umma daima dumu. Mwenye ardhi akafie mbele. Yaani Cyril, akiwa majivu, angenipiga bao la pili.

Nikamwendea wakili wangu, Pitfield, mtu mwembamba anayekula biskuti bila kukukaribisha.

"Umewahi kumkataza?" akaniuliza.

"Sijamsemesha hata siku moja."

"Ndivyo ulivyojiharibia. Ulikaa kimya, sasa kimya chako ndicho ushahidi wake."

"Basi nipige ukuta."

"Ukipiga ukuta atakupeleka mahakamani, mbishane miaka imetimia au la. Wewe mkaribishe." Akafuta makombo mdomoni. "Mpe ruhusa. Anayepita kwa hisani hapiti kwa haki. Hesabu yake inakatika siku hiyohiyo. Ila akiri kwa maandishi kuwa kaipokea."

Hapo nikacheka, na mimi si mtu wa kucheka kwa wakili. Kwa maandishi! Beryl huyu? Beryl ni wa kizazi ambacho ukimpa hata kitunguu anakuandikia kadi ya shukrani. Nilimfahamu mwanamke mmoja wa rika lake aliyemwandikia kadi daktari aliyemkata mguu. Ndivyo walivyolelewa, hawana dawa.

Machi nikaoka keki ya tangawizi kwa mkono wangu mwenyewe, nikaiweka mlangoni kwake na barua. "Mpendwa Beryl, una ruhusa yangu ya kupita msituni wakati wowote upendao. Karibu sana. Edgar." Hilo neno "mpendwa" nililiandika nikiwa nimefumba jicho moja.

Siku ya pili kadi ikaingia mlangoni. Nje ina picha ya ndege mwenye kifua chekundu. Nikaifungua nikiwa nimesimama. Mstari wa kwanza ulisema: "Shemeji Edgar, nashukuru kwa moyo wote kwa ruhusa yako ya kupita msituni." Nikapiga kelele mbwa akatoka mbio. Mambo ya chini yake yalikuwa mengi, mwandiko wake ule mdogo wa kubanana, na sikuwa na miwani wala haja. Alasiri ileile nikampelekea Pitfield, naye akaifungia kwenye faili.

Nikangoja. Ningeweza kufunga geti la msitu kesho yake, lakini nilitaka maua yachanue kwanza. Naam, nilitaka yamchome. Wiki ya kwanza ya Mei, msitu umelala buluu kama bahari ya kuchora, nikafunga mnyororo na kufuli, nikavuta kiti nikakaa ndani ya geti kumsubiri.

Akaja saa mbili na nusu. Kikapu mkononi. Alipoona mnyororo akasimama, halafu akaniona mimi, akatabasamu. Hilo sikulitegemea.

"Habari za asubuhi, shemeji. Umekuja! Nilijua utakuja maua yakitoka. Mbona umefunga? Kuna mti umeanguka?"

"Hakuna mti. Nimefunga kwa sababu ni kwangu."

"Lakini ulinikaribisha."

"Nilikukaribisha, nimefuta. Ruhusa ni yangu, natoa, narudisha. Muulize wakili yeyote."

Akatazama ndani, kupitia vyuma, kule kwenye mwaloni. Pale aliposimama jina la Cyril lilikuwa linaonekana kidogo. Akashika geti, akalisukuma kidogo. Miaka sabini na minane hiyo. Nikaendelea kuchokonoa, maana nilishaonja utamu.

"Daftari lako kafungie maandazi, Beryl. Hiyo Juni yako imekufa."

Akahamishia kikapu mkono wa pili. Nikaona kikapuni kuna chupa ya chai na vikombe viwili vya bati.

"Na kikombe cha pili cha nani? Unamnywesha marehemu?"

Akainua macho. "Kadi yangu uliisoma, Edgar?"

"Nilisoma nilichokihitaji."

"Ahaa," akasema. Ni hilo tu. Akakifunika kikapu na kitambaa taratibu, kingo zote nne, akageuka. Hakusema kwaheri, na kwa miaka yote ile hakuwahi kuondoka bila kuaga. Niliona nimeshinda. Nilikwenda baa nikawanunulia watu wote bia, na watu wote walikunywa, ila hakuna aliyekaa meza yangu.

Hakurudi tena getini. Juni ikapita. Hakuna fomu iliyokwenda popote. Majani yakakomaa, yakawa ya kahawia, yakaanza kudondoka, na mwishoni mwa Oktoba Wilf akaniambia, bila kunong'ona safari hii, kwamba Beryl amefariki usingizini. Mazishi yalikuwa ya waalikwa tu, kwa orodha ya majina. Mimi sikutajwa.

Wiki tatu baadaye Pitfield alistaafu, akawarudishia wateja mafaili yao. Langu lilikuwa na kadi. Nikaivalia miwani, sijui kwa nini, pengine kwa upweke tu. Nikasoma mpaka chini.

"Shemeji Edgar, nashukuru kwa moyo wote kwa ruhusa yako ya kupita msituni. Najua maana yake kisheria. Nimekuwa mke wa mtu wa njia miaka thelathini, mambo haya nayajua kama mapishi yangu. Daftari nimelichoma leo asubuhi. Juni ningeipata haki, lakini ningepita kwako kama mtu aliyekushinda kesi, na Cyril hakutaka hivyo. Alitaka kitu kimoja tu mpaka mwisho: umwite ndani. Umeniita mimi, inatosha. Maua yakichanua nitaleta chai na vikombe viwili. Njoo ukae nasi kidogo. Wako, Beryl."

Nilikaa jikoni mpaka chai yangu ikashika utando. Kisha nikachukua koleo la kukatia chuma, nikaenda nikaukata mnyororo, maana ufunguo wa kufuli sikuuona na sikuwa na subira ya kuutafuta. Ndani majani yalikuwa yamelowa na kurundikana hadi kwenye vifundo vya miguu. Nikafika mwaloni. Jina langu na la Cyril yalikuwa yamepanuka na gome, yanakaribia kugusana. Nililia pale, mzee mzima, na mbwa akinitazama.

Kutoka pale nikaendesha gari moja kwa moja hadi kwa Lorna, binti yao, mji wa pili. Alifungua mlango nusu.

"Baba mkubwa," akasema, kama anayesoma kibao cha namba ya gari.

"Lorna, mwanangu, nimekuja kuhusu majivu ya mama. Mlete. Mlaze na baba yako. Mnyororo wa geti nimeukata mwenyewe. Nakupa ruhusa, leo, kesho, milele, nitaandika ukitaka."

Akanitazama usoni. Ana macho ya Cyril, yaleyale.

"Nimeshamzika. Kule mjini wanakochomea maiti, ile bustani ya nyuma ya maegesho ya magari. Wamempa kichaka cha waridi namba arobaini na moja."

"Lakini kwa nini? Si alitaka kulala na mumewe? Ungeniomba tu, Lorna! Ungekuja ukaniomba!"

"Nilitaka kuja. Mama ndiye alinikataza, wiki ileile uliyomfungia geti." Akaanza kurudisha mlango. "Alisema, usimwombe Edgar ruhusa. Alisema, atakupa, kama alivyonipa mimi."