Mfuko Wangu Kwenye Foleni

Dada aliniamsha alfajiri kwa kunigonga mguu na fimbo yake.

"Amka, Kiguu na Njia. Leo huendi popote. Leo unasimama."

Jina hilo kanipa yeye, na mtaa mzima umelipokea. Nimehamahama miaka arobaini, na jina langu la kupigia kura, kama bado lipo, liko kwenye daftari la mji nilioondoka nikiwa na meno yote. Mpiga kura ni dada. Mimi siku ile nilikuwa miguu yake tu. Ya kwake imevimba kwa kukanyaga cherehani, sare za shule mwaka baada ya mwaka, na hawezi kusimama hata nusu saa.

Alishakosa kupiga kura mara mbili. Mara ya kwanza jina lake lilikuwa limehamishiwa kituo cha ng'ambo ya barabara kuu, na alipofika ng'ambo wakamrudisha. Mara ya pili foleni ilifungwa akiwa amebakiza watu tisa. Safari hii alikwenda kukagua daftari mara tatu, mpaka karani akamwambia, "Mama, jina halijakimbia." Kadi aliifunga kwenye leso, na leso akaitia kifuani.

Kituo chenyewe ni shule ya msingi. Zamani mitaa yetu mitatu ilikuwa na vituo vitatu. Sasa vimekusanywa kuwa kimoja, madarasa mawili. Tulipofika kulikuwa bado giza na foleni ilishafika getini. Nikampeleka dada akakae kwenye ukuta wa nyuma ya madarasa, mimi nikarudi kusimama na mfuko wangu begani.

Milango ilitakiwa ifunguliwe saa moja. Ikafunguliwa saa nne, kwa sababu mihuri ilipelekwa kituo kingine na gari lililotumwa kuifuata likaishiwa mafuta.

"Saa tatu zetu zitaongezwa jioni?" fundi viatu aliyekuwa mbele yangu alimuuliza askari.

"Kufunga ni saa kumi na moja."

"Na kufungua ilikuwa saa moja."

"Hayo kamuulize aliyefungua."

Hakuna aliyepandisha sauti. Watu walihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Tulisogea hatua mbili, tukakaa nusu saa, tukasogea moja.

Sasa, mtaa wetu una bomba moja la maji, na bomba lina sheria zake ambazo hazijaandikwa popote. Ndoo ikiwa kwenye mstari, mwenyewe yupo, hata kama yuko kitandani anakoroma. Na ndoo ni ya nyumba, si ya mtu. Zamu ya dada ikifika, nikienda mimi ni sawa, akienda mpangaji wake ni sawa. Unachotakiwa kukijua ni nani yuko mbele yako na nani yuko nyuma. Basi.

Saa nane jua lilikuwa limetukalia kichwani. Mama muuza mkaa, aliyekuwa nyuma yangu, alivua ndala zake akaziacha pale pale, akaenda kivulini peku. Fundi viatu akaweka sanduku lake la brashi. Nyuma yetu watu nao wakaweka vyao: kofia, chupa ya maji, tofali.

"Weka mfuko, mzee," fundi alinigeukia. "Ukianguka hapa utatuharibia foleni."

Nikauweka. Nikaenda kukaa na dada ukutani. Kila foleni iliposogea, mmoja wetu alikwenda kuvisogeza vitu vyote, halafu akarudi. Hivyo ndivyo tunavyofanya bombani, na haijawahi kuleta ugomvi.

Saa kumi na moja kamili askari alitoka darasani. Hakuwa wa huku, askari waliletwa kutoka mbali makusudi. Akahesabu vichwa akitumia kidole, akafika kwa mtu wa mwisho aliyesimama, akajiweka nyuma yake. Sanduku la brashi likabaki nyuma ya visigino vyake, na vitu vyetu vyote vikafuata. Mpaka tunainuka na miguu yetu iliyokufa ganzi, kazi ilikuwa imekwisha.

"Hivi vya nani?" aliuliza.

"Vyetu. Sisi tuko kwenye foleni."

"Mimi nahesabu watu. Sihesabu ndala."

Maneno yakawa mengi, ndipo msimamizi wa kituo akatoka. Kijana mwenye kalamu sikioni na shati limemganda mgongoni. Nyuma yake wakaja mawakala wawili wa wagombea na madaftari yao. Alitusikiliza. Hakuwa mtu mbaya.

"Kila kitu na mwenyewe," alisema mwishowe. "Aliye mbele na aliye nyuma wamthibitishe. Akithibitishwa anaingia, asipothibitishwa aende nyumbani. Mawakala mnakubali?"

Wakakubali. Fundi viatu akapita bila shida. Msimamizi akauonyesha mfuko wangu.

"Huu?"

"Wa huyu mzee," fundi alisema haraka, akiona ananisaidia. "Yuko nyuma yangu tangu alfajiri."

"Kweli kabisa," mama muuza mkaa akadakia. "Kasimama mpaka nikamwonea huruma."

Wakala mmoja akaandika.

"Mzee, kadi yako," msimamizi akasema.

"Mwenye kadi ni dada yangu."

Dada alikuwa tayari anafungua leso. Wakala akanyanyua kalamu. "Wamesema mwenye nafasi ni mzee."

"Si nyumba moja hao?" mama muuza mkaa alishangaa.

"Kura haina nyumba, mama. Kura ina mtu."

Fundi akashika kichwa. "Basi nabadilisha. Nafasi ni ya mama huyu."

"Umeshathibitisha. Nimeshaandika."

Dada akamsogelea msimamizi. "Mwanangu, mimi niko hapa tangu giza. Nilikaa pale ukutani. Miguu ndiyo hii, itazame."

Akaitazama. "Nakuamini, mama. Lakini nikikuingiza, huyu ataandika malalamiko, na sanduku zima linaweza kuwekwa kando. Humo ndani mna watu mia saba."

"Mia saba," dada alisema.

"Ndiyo, mama."

"Achukue nafasi yangu," mama muuza mkaa akasema. "Mimi nitapiga siku nyingine."

"Nafasi haigawiwi," askari akajibu.

Dada alikunja leso yake taratibu, pembe kwa pembe, kama anavyokunja kitambaa cha mteja. Kisha akanigeukia. "Ingia wewe."

"Dada, mimi simo kwenye daftari lao."

"Ingia. Umeisimamia siku nzima."

Nikasubiri zamu saa nzima nyingine, nikaingia. Karani akapekua kurasa kwa kidole kilicholowa, mbele mpaka nyuma, akaniambia simo. Nikamwambia najua. Akanitazama kama mtu aliyekosa hata nguvu za kukasirika, akaita, "Anayefuata."

Nilimkuta dada kwenye ngazi.

"Ndani kukoje?"

"Darasa tu. Madawati yamesukumwa ukutani."

"Masanduku?"

"Matatu. Kila moja na kifuniko cha rangi yake."

"Na pa kuchorea?"

"Boksi limekatwa upande mmoja, limesimamishwa juu ya dawati. Kalamu imefungwa kamba."

"Kamba ya nini?"

"Isiibwe."

Akacheka kidogo, puani. Tukaanza safari ya nyumbani, akisimama kila baada ya nyumba mbili tatu.

"Kesho nakwenda kujiandikisha hapa hapa," nilimwambia.

"Kesho ofisi imefungwa. Na wewe kesho utakuwa mji gani?"

Asubuhi ile nikiwa foleni nilikuwa nimeshapanga kuondoka wiki iliyofuata.

"Miaka mitano," akasema, akihesabu. "Nitakuwa na sabini na sita."

"Nisamehe, dada."

"Acha hayo, mdogo wangu. Nishike mkono, hapa mbele pana shimo."