Kilo za Verdiane

Jumatatu asubuhi Verdiane alikaa kwenye benchi la jikoni akimenya viazi, na benchi likavunjika. Mama yake, Agathe, hakugeuka. Alimwambia akalie lile jiwe la mlangoni.

Kwa macho Verdiane alikuwa mwembamba kama wasichana wote wa kilima cha Muheto. Uzito ulimjia kwa masomo. Siku alipoelewa kugawanya aliongezeka kilo nne, na aliporudi na shahada ya jiolojia, mzani wa maharage wa Papa Zéphyrin ulisoma mia tatu na kumi na mbili. Agathe aliitaja hesabu hiyo kanisani bila kuulizwa.

Saa nne simu ililia. Chuo kikuu kimoja cha Goma kilikuwa kimepata ufadhili wa kuwavuta wanafunzi bora wa uzamili kabla nchi jirani hazijawachukua, na jina lake lilikuwa la kwanza. Angesomeshwa miaka miwili, achunguze kwa nini vilima vya Rubaya vinawaporomokea wachimbaji. Sharti moja tu: afike mwenyewe kutia sahihi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi inakwenda kwa wa pili.

Barabara ya Muheto ililiwa na mvua zamani, na hakuna aliyekuja kuitengeneza. Pikipiki ya kwanza ilipasuka magurudumu chini ya Verdiane. Ya pili ilipinda. Mwenye nayo alimpa Agathe mkono wa pongezi.

"Basi ni kipoyi," alisema Papa Zéphyrin.

Kipoyi ni machela ya mianzi, ya kubebwa begani. Kilima kizima huitumia kuwapeleka wagonjwa na wajawazito hospitalini, na kila nyumba hutoa mwanaume mmoja. Kwa Verdiane walikuja thelathini na wawili, bila kukumbushwa.

"Mukichoka munishushe, Papa."

"Nyamaza, mutoto. Hii njo mara ya kwanza kipoyi inabeba muntu mwenye hana ugonjwa. Utuachie tufurahi."

Walipokezana siku tatu. Kwenye kizuizi, mwenye bunduki anayetoza ushuru wa madini aliona mabega yalivyoinama.

"Minerai mumeificha wapi?"

"Hakuna minerai, kaka. Iko akili yetu," alijibu mbebaji wa mbele.

Aliinua blanketi la Verdiane, akakuta daftari. Akatafuta akili kwenye orodha yake ya mizigo, hakuiona, akafungua kamba ya kizuizi.

Alhamisi mchana, kwenye barabara kuu, lori la ng'ombe lilimpokea. Ijumaa saa tano na nusu alitia sahihi, na sakafu ya ofisi ikashuka kidogo. Katibu aliomba radhi kwa niaba ya sakafu. Habari iliwafikia wabebaji njiani kwa simu, nao wakapiga vigelegele, wanaume wazima, na hakuna wa kuwacheka. Walistahili.

Jumapili walimbeba Nyiraneza, jirani wa Agathe, aliyeshikwa na uchungu, na Agathe akawasindikiza. Hospitali ilikuwa mbali kama siku zote. Alijifungulia njiani, kwenye kijito cha pili, mvua ikimnyeshea na wanaume wamempa mgongo. Walipofika, muuguzi alimpima mtoto mara mbili, akaandika: msichana, kilo kumi na moja.

"Na huyu hata shule hajaanza," alisema Agathe, akilia kwa fahari.

Wabebaji walimtazama mtoto, wakaitazama barabara. Kisha wakaenda kukata mianzi minene.