Mng'oa Meno wa Njoro

Wiki nzima Cheruto aliificha fomu ya shule chini ya mkebe wa majani ya chai, akijifanya haijui. Ilitaka sahihi ya mlezi. Daktari wa meno kutoka chuo kikuu alikuwa anahesabu vijana wenye meno yaliyopandana, na mjukuu wa Cheruto, Jerotich, wa miaka kumi na minne, alitaka naye ahesabiwe. Meno yake ya mbele yalisukumana kama ng'ombe wanaogombea lango moja.

"Kogo, si usaini tu," Jerotich alimbembeleza nyanya yake. "Nataka kujua kwa nini yangu yako hivi."

Cheruto alijua kwa nini. Alipokuwa mdogo, nyanya yake alimng'oa meno mawili ya chini kwa chuma, kama ilivyokuwa desturi. Akaapa hatawatesa watoto hivyo. Yeye angekuwa mtu wa kisasa, angetumia uzi. Alifunga uzi kwenye jino, akaufunga kwenye kitasa cha mlango, kisha mtoto akaambiwa atazame ndege, na mlango ukabamizwa. Jino liwe limelegea au halijalegea, lilitoka. Majirani wa Njoro walimsifu na kumletea watoto wao kila Jumamosi, naye akavimba kichwa mpaka akaanza kuvaa aproni nyeupe. Hakuna aliyemwambia avae.

Halafu mwaka jana muuguzi fulani akasema redioni kwamba meno ya utotoni yakitolewa kabla ya wakati, ya ukubwani hukosa nafasi. Cheruto aliizima redio upesi, kana kwamba ingemtaja jina.

Jerotich akijua, atanitazama tena kweli? Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Lakini siku ya saba msichana aliacha kuomba, akawa anakunywa chai yake kimya. Cheruto hakuuweza ukimya ule. Akasaini, wakaenda shuleni pamoja.

Daktari aliitwa Adero. Kabla ya kumtia mtoto kioo kile kidogo mdomoni, alikipasha joto kwanza kiganjani mwake. Cheruto alitaka sana kumchukia, lakini alipoona hivyo akashindwa.

"Daktari, wenye meno kama haya ni wengi?"

"Wengi, nyanya. Darasa hili pekee ni nusu."

Nusu! Cheruto alianza kuwahesabu wateja wake wa Jumamosi, jasho likamtoka.

"Si wote kwa sababu moja," Adero aliendelea. "Wengine wamezaliwa na taya ndogo." Cheruto akashusha pumzi. "Na huyu? Aling'olewa meno ya utotoni mapema?"

Jerotich alimgeukia nyanya yake. "Mimi sikumbuki. Kogo, niling'olewa?"

Adero aliutazama uso wa Cheruto, akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Naweza kuandika haijulikani," akasema polepole.

Upole ule ndio uliomshinda. Angefokewa, angekana mpaka jioni.

"Andika Cheruto," alisema. "Ni mimi. Na uandike nilikuwa nimevaa aproni."

Walipotoka Jerotich alitangulia kwenye njia ya kando ya shamba la ngano, mbele hatua kumi, kisha ishirini. Cheruto alimfuata na magoti yake mabovu, akijiambia mng'oa meno kama yeye hakustahili hata kusubiriwa.

"Uling'oa mangapi?" Jerotich aliuliza bila kugeuka.

"Manne."

"Nililia?"

"Hukulia. Mimi ndiye niliyelia."

"Wewe! Na damu ilikuwa yangu?"

"Niliiona nikaanguka. Mama yako alinipepea kwa kifuniko cha sufuria."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa unatafuta ndege."

Kicheko kilimponyoka Jerotich, kikubwa, mpaka akainama. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akanuna tena.

"Bado sijakusamehe," alisema.

"Haya."

"Na mdogo wangu Micah akianza kulegea meno, usimguse."

"Simgusi."

Walikwenda hivyo, mmoja akiwa amenuna, mwingine akihema. Lakini hatua za msichana zilikuwa zimepungua kasi, na kufikia mwisho wa shamba Cheruto alikuwa ubavuni mwake.