Mgeni wa Ukurasa wa Sitini

Saa saba mchana, ofisi nzima ilipokwenda kula, mama usafi alijifungia masjala, akapindua ndoo akaikalia, akafungua kitabu cha pili. Cha kwanza alikuwa amekisoma mara mbili: viumbe wa sayari nyingine wametua, na binadamu kurasa mia tatu wanabishana nani awasalimie kwanza. Jamani, watu wana nafasi! Hiki cha pili alikisubiri maktaba miezi minne.

Alipofika ukurasa wa sitini, kiumbe mmoja akatoka kitabuni. Alitanguliza mikono, yote mitatu, akajipangusa wino, akatoa shikamoo. Mama usafi aliitikia marahaba, akamwambia asogee kidogo, sakafu haijakauka. Miaka tisa alikuwa akifanya kazi humo kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na hiyo ndiyo salamu ya kwanza kupewa ndani ya jengo. Ilimgusa, akafuta macho kwa pindo la kanga.

Mgeni alisema amechoka kukaa kitabuni, anatafuta kazi. Mama usafi akampeleka kwa afisa utumishi, ambaye alikuwa amelikalia ombi la mama huyo la ajira ya kudumu mwaka wa saba huo. Alijua leo, akiingia na mgeni, hapigwi chenga.

Afisa alisimama, akavuta kiti kwa ajili ya mgeni, akauliza uzoefu. Mgeni akajibu kwamba amesimama ukurasa mmoja tangu kitabu kichapwe. Afisa akasema huo ni uvumilivu, na siku hizi haupatikani. Kufika saa tisa barua ilishapigwa mhuri: ajira ya kudumu, msaidizi wa utumishi, meza ya dirishani. Wafanyakazi walipanga foleni kumpa mkono, na kwa mikono ile mitatu, foleni ilikwenda haraka. Mama usafi akaambiwa apanguse meza.

Iliuma kidogo, lakini alipangusa kwa furaha, maana sasa alikuwa na mtu wake ndani. Alimwacha azoee kazi wiki nzima. Ijumaa akaenda kusimama mbele yake, akauliza habari za lile ombi.

Mgeni alikuwa mwepesi wa kujifunza, ofisi yote ilimsifia hilo. Alifungua droo, akaifunga, akaendelea kuandika.

"Linashughulikiwa, mama," alisema bila kuinua macho. "Pita wiki ijayo."

Mama usafi akasema sawa bosi, akaenda kupiga deki korido.