Misa Isiyothaminiwa

Mwalimu Adrian alifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja katika shule za msingi za Mbeya, na kama alikuwa na dhambi kwa watoto wa watu, ni hii: alipenda kuwategea maneno. Alikuwa akimwita mtoto mbele na kumuuliza "bank" ni nini. Mtoto akijibu benki, Mwalimu anacheka mpaka anashika meza. "Ukingo wa mto, wewe! Na 'fast' je? Si haraka peke yake, ni kufunga chakula pia, kama Kwaresima!" Watoto walirudi kwenye madawati wakiamini Kiingereza ni lugha ya wezi. Yeye aliamini wezi wote anawajua kwa sura.

Sasa amestaafu, mkewe ni marehemu, na nyumba ya Ilomba ina vyumba vinne na mtu mmoja. Mwanawe wa pekee, Rozalia, anaishi Iringa. Hawajaonana miaka mitano. Rozalia aliolewa na Yotamu, Mlutheri, tena kwenye kanisa la Walutheri, na Mwalimu, Mhehe wa Kikatoliki mwenye shingo ngumu, alimwambia kwenye simu maneno manne tu: "Bila misa, mimi sitafika." Na kweli hakufika. Tangu hapo wanapigiana simu Krismasi na Pasaka, wanaulizana habari za mvua. Mjukuu wake anamjua kwa picha.

Mwezi wa sita, baridi ilipokaza, tumbo likaanza kumuuma. Jumatano akapigwa picha ya altrasaundi. Mpiga picha akampa karatasi ya majibu na kumwambia ampelekee daktari Ijumaa. Mtu mwingine angeikunja akaenda zake. Mwalimu hana uwezo wa kubeba Kiingereza mfukoni bila kukisoma.

Aliisomea mezani kwake, kalamu nyekundu mkononi. Mistari miwili ilimsimamisha. Wa kwanza: "Liver unremarkable." Akaandika pembeni: Ini halina la kusemwa. Yaani limefika mahali ambapo daktari hana tena la kusema. Wa pili: "No mass appreciated." Akaandika: Hakuna misa iliyothaminiwa. Akaiweka kalamu chini.

Kwanza alikasirika. Nani huyo hospitalini anayejitia katika mambo ya misa? Kisha hasira ikamwishia, ukaja woga. Hata misa haitamfaa kitu, ndivyo alivyoelewa. Na tena karatasi ilikuwa kama inamjua, maana ni hiyohiyo misa aliyoitumia kumkomoa mwanawe. Alikaa mpaka chai ikapoa. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia. Majirani ndio wanaomletea yeye barua zao za Kiingereza awasomee. Angebisha hodi kwa nani?

Alhamisi akampigia Rozalia.

"Kamwene, baba. Kuna nini?" Rozalia alimsalimu Kihehe na kuuliza haraka, kwa sababu haikuwa Krismasi wala Pasaka.

"Naumwa, mama. Karatasi ya hospitali imesema vibaya."

"Imesemaje? Nitumie picha Yotamu aione."

"Ni Kiingereza kigumu. Hamtakiweza." Hata kufa alitaka kufa na ualimu wake.

"Jumamosi tunakuja, baba. Wote watatu."

Mwalimu alifua mashuka. Alinunua kuku, na dukani akachagua kikombe kidogo chekundu cha mtoto. Akajikuta anapiga mluzi, mtu anayekufa, akaona aibu, akaacha.

Ijumaa daktari, msichana mdogo anayeitwa Gloria, aliisoma karatasi na kutabasamu. "Hongera, Mwalimu. Ini safi. Nadhani hivi ni vidonda vya tumbo tu, nitakuandikia dawa."

"Na misa?"

"Misa gani, baba?"

Akamwonyesha kwa kidole. Daktari alisoma mara mbili, kisha akajiziba mdomo. "Hapa 'mass' ni uvimbe. Na 'appreciated' ni kuonekana. Hawakuona uvimbe wowote. Na 'unremarkable' maana yake halina kasoro."

Miaka thelathini na mmoja! Mwalimu alishukuru, akachukua kofia yake. Furaha ilimsindikiza mpaka getini, hapo akakumbuka mashuka. Rozalia anakuja kwa mgonjwa. Mzima hana mgeni. Angeweza kunyamaza siku moja tu, na alitamani kunyamaza, alitamani sana. Lakini kumwita mtoto wake kwa uongo, baada ya kumkatalia siku ya harusi yake, hilo lilimshinda. Alipofika nyumbani akapiga simu.

"Rozalia, sina ugonjwa. Nilikosea kusoma."

"Wewe? Kiingereza?"

"Mimi."

Rozalia alicheka, akalia kidogo, akamshukuru Mungu. Kisha akasema, "Basi baba, kama ni mzima... Yotamu ruhusa ya kazini aliipata kwa shida. Tutapanga siku nyingine."

"Sawa, mama."

Simu ikakatika. Mwalimu aliijua vizuri maana ya pili ya "siku nyingine" kuliko neno lolote la Kiingereza. Yeye mwenyewe ameitumia miaka mitano. Alikitazama kile kikombe chekundu juu ya meza. Nyumba ilikuwa kimya, na ukimya huo ulimuuma kuliko tumbo. Akapiga tena kabla moyo haujarudi nyuma.

"Baba? Kuna nini tena?"

Maneno aliyoyapanga yalimkimbia yote. "Jumapili," alisema, "hapo kwenu ibada inaanza saa ngapi?"

Alisema ibada. Hakusema misa. Rozalia alilisikia neno hilo, maana alinyamaza mpaka Mwalimu akaitazama simu, akidhani salio limekwisha.

"Ya kwanza saa moja," alijibu mwishowe. "Ya pili saa nne."

"Hiyo ya saa nne," alisema Mwalimu. "Niwekeeni nafasi."