Chuo cha Shemeji Kassim

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yalipotoka na jina la Salama likasikika, mama yake, Hadidja, alimmwagia poda nyeupe kichwani kama ilivyo desturi, na majirani wakaja kushangilia. Baba yake, Sumaili, akachukua kopo la poda akajimwagia na yeye. Watu walicheka wakauliza ni nani hasa aliyefaulu hapa.

Poda ilikuwa haijapanguswa vizuri ugomvi ulipoanza. Salama alitaka kusoma sheria, na sheria ilifundishwa mahali pawili. Kulikuwa na chuo kikuu cha serikali hapo mjini Kindu, chenye wanafunzi wengi hata hakuna aliyejisumbua kuwahesabu. Kulikuwa pia na Chuo cha Juu Nuru ya Alunguli, ng'ambo ya mto, mali ya watu binafsi, ambacho katibu wake mkuu alikuwa Kassim, kaka yake Hadidja. Kassim ndiye aliyesimamia mahari ya dada yake, na shemeji wa namna hiyo humwambii hapana hivi hivi.

"Kule kwa serikali mutoto atapotea," Kassim alisema, akijiongezea wali. "Kwetu kila mwanafunzi anajulikana kwa jina."

Hilo lilikuwa kweli. Wanafunzi wa Nuru walikuwa wachache hata kila mmoja alikuwa na cheo: rais wa wanafunzi, makamu wa rais, msemaji wa rais, mshauri wa msemaji. Alibaki mmoja tu bila cheo, naye ndiye aliyekuwa upinzani.

"Apana," alisema Sumaili. "Mutoto yangu ataingia université. Université njo université."

Hoja yake ilikuwa hiyo tu, kwamba chuo kikuu ndicho chuo kikuu, na kila mteja wa duka lake la chumvi na sabuni alikuwa ameichoka. Wakati wa vita Sumaili alikuwa Kisangani, katika chuo kikuu cha serikali cha huko, mwaka wa pili wa sheria. Wengi walikuwa wamekimbia. Katika ukumbi uliojengewa mamia walibaki vijana saba na profesa mmoja mzee, ambaye hakuna aliyemlipa. Aliwaita wakae mbele, karibu naye, ili asipoteze sauti. Akimwona Sumaili anasinzia kwa njaa, alimgusa bega na kuendelea kufundisha. Halafu, mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni yakaanza kurushiana mabomu katikati ya mji. Profesa hakuonekana tena. Sumaili akarudi Kindu kwa miguu kupitia Lubutu, akafungua duka, akaoa. Mwaka wa tatu haukuja kamwe. Jambo hilo lilimuuma mpaka leo, naye alilifunika kwa majigambo.

Basi wakaenda kwanza kukiona chuo kikuu cha serikali. Vijana walikuwa wanaingia na viti vya plastiki kichwani, kwa sababu asiyekuja na kiti chake husoma wima. Ukumbi ulikuwa umejaa, madirisha yamejaa, na kipaza sauti kilikuwa kimekufa. Waliokaa mbele waliwapasia wa katikati sentensi ya profesa, wa katikati wakawapasia wa nyuma, na wa nyuma, wakichoka kungoja, waliandika tarehe. Sumaili alisimama mlangoni huku meno yote yako nje.

"Papa, unasikia nini?" Salama alimwuliza.

"Nasikia université."

Salama alikuwa anatazama safu ya mbele na kupima njia ya kuifikia.

Kassim naye akatuma ujumbe waje Nuru Alhamisi asubuhi. Alichoficha ni kwamba Alhamisi hiyo wakaguzi kutoka Kinshasa walikuwa wanakuja kuamua kama chuo chake kina haki ya kuishi. Sumaili, aliyeapa kutokanyaga pale, alivuka mto na Salama kwa sababu ya heshima tu, na heshima hiyo ilimpeleka mahali pa ajabu. Madawati yalikuwa ya shule ya msingi ya jirani. Maktaba ya sheria ilikuwa na Biblia za kuazima na kitabu cha vipuri vya pikipiki. Kompyuta zilifunikwa vitambaa kwa sababu ya vumbi, na chini ya vitambaa yalikuwa maboksi matupu ya mfanyabiashara mmoja wa simu. Ili darasa lijae, waendesha pikipiki wa bandarini walikuwa wamevalishwa mashati meupe na kuambiwa wakunje uso kidogo, kama watu waliosoma sana.

Mara chombo cha mtoni kikatia nanga bandarini na abiria wengi. Waendesha pikipiki wakasikia kelele zao, wakatoka mbio na mashati ya chuo, wakabaki wale wanafunzi wachache wa kweli, na dawati la mbele likawa tupu. Wakaguzi walikuwa tayari getini.

"Shemeji," Kassim alinong'ona, jasho likimtiririka, "nakuomba ju ya Hadidja, ukae hapa kidogo tu. Usiseme kitu."

Sumaili akakaa. Angefanya nini?

Mkaguzi mkuu, mama mmoja mwenye miwani, akapita kati ya madawati, akasimama mbele ya mvi za Sumaili.

"Na weye, papa, uko mwaka gani?"

Sumaili alifungua mdomo atafute uongo, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa yamemngoja zaidi ya miaka ishirini.

"Mwaka wa pili," alisema. "Sheria."

Hilo lilikuwa neno la kweli pekee lililosemwa pale tangu asubuhi. Mama yule akaandika, akapita.

Wakaguzi walipoondoka kwenda kula samaki, watoto wa shule ya msingi walikuja kuchukua madawati yao. Walishindwa kuchukua moja, maana Sumaili alikuwa bado amelikalia. Salama akaja akakaa kando yake.

"Papa, miye nitaenda kwa serikali. Nitabeba kiti yangu, nitasukumana na batu mpaka nifike mbele. Nguvu niko nayo. Lakini mwenye anatafuta chuo siku hizi zote si miye. Njo weye."

"Miye muzee, mama. Batanicheka."

"Bacheke tu."

Sumaili akalia, mbele ya binti yake na mbele ya shemeji, bila kujificha. Alilia kwa ajili ya wale saba na yule mzee wao. Kassim akamwacha kidogo, halafu, kwa vile alikuwa Kassim, akasogea.

"Shemeji, kujiandikisha kungali wazi."

Sumaili akajipangusa uso kwa kiganja.

"Masomo inaanza saa ngapi?"

Tangu chuo kianzishwe, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Kassim swali hilo. Alitazama vitambaa vilivyofunika maboksi, akamtazama mume wa dada yake.

"Saa mbili," alisema mwishowe. "Ngoja nitafute mwalimu."